Uso mkavu unaowaka: cha kuacha, cha kupaka, na wakati wa kumuona munganga

Kila mwaka, mvua ikikatika kuanzia mwezi wa tano, ngozi za watu wa Kamina zinaanza kulalamika. Mji wetu uko juu ya uwanda, kupita mita 1.000. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inauma, mchana jua linachoma, na upepo unabeba vumbi la barabara mpaka ndani ya nyumba. Midomo inapasuka. Miguu inakuwa nyeupe kama imemwagiwa unga.

Kwa watu wengi, mafuta kidogo asubuhi yanatosha. Lakini kuko wale ambao uso wao unakataa kila kitu. Sabuni inachoma. Pomadi yenye marashi inawasha kama pilipili. Mashavu yanapata moto bila homa, na vipele vinatoka kama vya kijana, hata kama mtu ana miaka 40. Mtu wa namna hiyo anaenda ku soko, anaeleza shida yake, anapewa tubi ndogo ya bei rahisi. Siku tatu tu, uso umepoa. Anafurahi. Akiiacha ile tubi, moto unarudi na nguvu kuliko mbele. Basi anarudi kununua.

Habari hii ni juu ya uso wa namna hiyo. Neno kubwa tulitoe mwanzo: kwa ngozi kavu inayoumia mbio, kazi ya kwanza ni kupunguza vitu, si kuongeza.

Ugonjwa wenye jina

Madaktari wanauita rozasea. Ni ugonjwa wa ngozi ya uso unaodumu, unaoshika mashavu, pua, paji la uso na kidevu. Mara mingi unaanza kisha miaka 30. Hauambukizi: huwezi kuupata kwa kutumia taulo ya mwenzako, na hauletwi na uchafu. Tena mtu anayeosha uso mara tano kwa siku akifikiri ni uchafu, anauzidisha.

Ndani ya ngozi, mishipa midogo ya damu inafunguka kwa urahisi kuliko kawaida, na kinga ya mwili inashituka kwa mambo madogo. Kuko pia vidudu vidogo sana vinavyoitwa Demodex. Vinaishi mu ngozi ya karibu watu wazima wote bila shida, lakini kwa wenye rozasea mara mingi vinapatikana kwa wingi. Tena ngozi yenyewe inashindwa kushika maji yake. Ndiyo maana uso unakuwa mkavu na unachoma kwa wakati mmoja.

Rozasea haina dawa ya kuimaliza mara moja. Lakini inaweza kutulizwa vizuri, mtu akaishi miezi au miaka bila kusumbuliwa.

Kwa ngozi nyeusi, wekundu unajificha

Vitabu vingi vinaeleza rozasea kama ugonjwa wa uso mwekundu, kwa sababu viliandikwa kwa kuangalia Wazungu. Kwa mtu mweusi ule wekundu unafichwa na rangi ya ngozi. Matokeo yake, wengi wanatibiwa chunusi au alergi miaka na miaka.

Kwa hiyo usitafute wekundu tu. Angalia alama hizi:

- Uso unapata moto wa ghafula, mara kwa mara: kisha chai ya moto, kisha kusimama ku jua, kisha hasira.
- Maji tu au sabuni ya kawaida inachoma.
- Vipele vidogo, vingine na usaha, lakini bila zile punje nyeusi ambazo chunusi ya kawaida inakuwa nazo.
- Katikati ya uso rangi inakuwa ya kahawia nzito au ya zambarau kuliko shingo.
- Ngozi imekauka, inakwaruza, inavimba kidogo asubuhi.
- Macho yanawasha, kama kuko mchanga ndani, na kope zinavimba.

Hiyo alama ya mwisho usiizarau. Rozasea inaweza kuingia mu macho na kuumiza mboni. Macho yakiuma, yakiogopa mwangaza au yakianza kuona giza, kimbia hospitali bila kungojea.

Tubi inayotuliza na kuharibu

Hapa njo penye shida kubwa ya kwetu. Mu masoko ya miji yetu, kutoka Lubumbashi mpaka vijiji vya ndani, kunauzwa kremu za kung'arisha ngozi na tubi za dawa zisizoandikwa na munganga. Nyingi ziko na moja ya vitu hivi vitatu.

Cha kwanza ni kortikoide yenye nguvu. Ku tubi utasoma clobétasol, bétaméthasone, au fluocinonide. Ni dawa za kweli: munganga anaziandika kwa magonjwa fulani, kwa siku chache, na mara mingi si kwa uso. Clobétasol iko kati ya zile zenye nguvu kupita zote. Zinabana mishipa ya damu na kulaza kinga ya mwili, ndiyo maana uso unapoa mbio na kung'aa. Lakini ukizipaka usoni majuma na miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, nywele zinaota mashavuni, na vipele vinatoka. Hiyo ni rozasea iliyoletwa na kortikoide. Hata mtu ambaye hakuwa na ugonjwa huo anaupata. Na yule aliyekuwa nao anaongeza moto juu ya moto.

Cha pili ni hydroquinone, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ikitumiwa wakati mrefu na kuchomwa na jua, inaweza kuleta madoa meusi ya buluu, magumu, hasa juu ya mashavu. Madaktari wa Afrika ya Kusini waliyaeleza tangu mwaka wa 1975, na mwaka wa 1990 nchi hiyo ilikataza hydroquinone mu vipodozi. Umoja wa Ulaya uliikataza mu kremu za kung'arisha mwaka wa 2001. Jirani yetu Rwanda, mwanzo wa mwaka wa 2019, ilianza msako mkubwa ku maduka. Madoa hayo ni magumu sana kutoka: mtu alitaka uso mweupe, akapata uso mweusi kuliko alivyozaliwa nao.

Cha tatu ni zebaki, ambayo ku bokosi inaweza kuandikwa mercure au calomel, ao isiandikwe kabisa. Inapita ndani ya ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mja mzito anaweza kuipitisha kwa mtoto. Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 uliweka kipimo: zebaki isipite miligramu 1 mu kilo moja ya kremu. Mwaka wa 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata ruhusa hiyo ndogo, na mwisho ukawekwa mwaka wa 2025.

Hatuandiki haya ili kumuhukumu mtu. Wengi hawakutafuta kuwa weupe. Walitafuta tu uso upoe, na muuzaji akawapa alichokuwa nacho. Shida ni kwamba ile tubi inajibu mbio, tena kwa franka kidogo, na ubaya wake unachelewa kuonekana.

Namna ya kuacha

Ukiwa umepaka kortikoide usoni miezi mingi, jitayarishe: ukiacha, uso utakasirika. Kisha siku chache utawaka, utavimba, vipele vitazidi, ngozi itabanduka. Majuma mawili ya kwanza mara mingi njo magumu zaidi. Kisha inapungua polepole, lakini inaweza kuchukua majuma mengi mpaka miezi. Hapo njo watu wengi wanashindwa. Wanaona uso umeharibika, wanasema kumbe ile kremu ilikuwa inanisaidia, wanarudia. Kumbe ule moto ni ngozi inayozoea kuishi bila dawa.

Ni vizuri kuacha ukiwa na mtu wa afya anayekufuata. Yeye anaweza kukushusha kwa dawa ndogo kwa siku chache, au kukupa dawa ya kumeza ya kutuliza vipele.

Angalisho moja kubwa: kama ulikuwa unapaka mwili mzima kwa miezi au miaka, usiache kwa mara moja bila munganga. Dawa inaingia mu damu, na mwili unasahau kutengeneza homoni yake. Ukiona uregevu mkubwa, kizunguzungu, kutapika, au kuanguka, nenda hospitali na ubebe ile tubi uwaonyeshe. Pia kama unangojea upasuaji au kuzaa kwa kisu, mwambie daktari ukweli: ngozi iliyokuwa nyembamba inashikana vibaya na kidonda kinachelewa kupona. Kusema ukweli hapo si haya, ni kujilinda.

Kila siku: vitu vitatu tu

Sasa tufike ku swali la wengi: nipake nini? Utaratibu mzuri kwa uso wa namna hii uko na mambo matatu: kuosha kwa upole, kushika maji, kujikinga na jua.

*Kuosha.* Tumia maji ya vuguvugu au ya baridi kidogo, si ya moto, hata asubuhi ya mwezi wa saba. Asubuhi maji peke yake yanatosha. Jioni, kwa kutosha vumbi na jasho, tumia sabuni laini isiyo na marashi, kidogo tu, kwa vidole. Acha kitambaa kigumu na wavu wa kusugua. Sabuni ya kufulia usiipeleke usoni: ngozi inapenda uchachu kidogo, na sabuni ya kipande inaugeuza, inatosha mafuta ya ngozi yenyewe. Kisha kuosha, gusagusa na taulo safi, usisugue.

*Kushika maji.* Paka mafuta wakati uso ungali na unyevu, ndani ya dakika mbili tatu. Mafuta hayaleti maji. Yanafungia yale yaliyobaki. Vazelini ya kawaida isiyo na marashi ni ya bei ndogo na haichomi watu wengi; paka nyembamba sana. Gliserini nayo ni nzuri lakini si kavu peke yake: changanya matone machache na maji safi mu kiganja, kisha funika na vazelini kidogo. Kama uko na uwezo, kremu ya watoto isiyo na harufu ni sawa. Mafuta ya mawese na mengine ya kienyeji, wengine wanayaweza, wengine yanawaletea vipele. Yajaribu kwanza.

*Kujikinga na jua.* Kremu za jua ziko, lakini bei ni kubwa. Ukipata, chagua ile yenye oxyde de zinc au dioxyde de titane, kwa sababu inachoma kidogo kuliko zingine. Ukikosa, kofia pana, mwavuli na kivuli vinafanya kazi kubwa bila kulipa kila mwezi. Kuanzia saa nne ya asubuhi mpaka saa tisa, tafuta kivuli. Mama anayeuza ku soko aweke mwavuli upande jua linapotoka, na kitambaa chepesi usoni wakati wa upepo wa vumbi.

Basi, ni hayo tu. Kitu kipya, leta kimoja kimoja. Kipake kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono siku tatu. Kisipochoma, jaribu sehemu ndogo ya shavu. Ngojea majuma mawili mbele ya kuleta kingine. Ukileta vitatu kwa siku moja na uso ukawaka, hutajua ni kipi.

Na vitu hivi vibaki mbali na uso: ndimu, dawa ya meno, bikarbonati, marashi, pombe ya kusafisha vidonda, na kusugua na sukari au chumvi. Ndimu ni mbaya zaidi kwa sababu maji yake yakikutana na jua yanaweza kuunguza ngozi kabisa.

Vinavyoamsha moto

Kila mtu na vyake, lakini hapa kwetu kuko vinavyojulikana. Cha kwanza ni mbabula. Anayesonga bukari akiinama juu ya makala anapika uso wake pia. Weka mbabula chini ya upepo, simama pembeni, tumia mwiko mrefu, na ukimaliza tia maji baridi usoni. Kisha kuko chai ya moto sana: iache ipoe kidogo. Pilipili. Pombe, zaidi lutuku, ingawa tukumbuke kwamba mtu asiyekunywa hata tone anaweza kuwa na rozasea. Kazi ngumu ku jua. Upepo wa baridi ukiwa juu ya pikipiki asubuhi. Hasira na mawazo.

Usijikataze vyote kwa mara moja. Chukua kikaratasi, andika siku uso ulipowaka na ulichofanya masaa machache mbele. Mwisho wa mwezi utaona viwili au vitatu vinavyorudi. Hivyo njo vyako.

Dawa za munganga

Kama utaratibu huo hautoshi kisha mwezi mmoja au miwili, kuko dawa zenye kujulikana. Za kupaka ni tatu: métronidazole ya jeli, acide azélaïque, na ivermectine ya kremu. Ya kumeza ni doxycycline, ambayo haipewi mama mja mzito wala mtoto mdogo. Zote zinaomba uvumilivu: hesabu majuma manne mpaka kumi na mawili, si siku tatu. Kitu kinachobadilisha uso kwa siku tatu, kiogope.

Majina mawili hapo mnayajua. Métronidazole ni vidonge vya amibe. Ivermectine ni vidonge vinavyogawiwa mu vijiji vingi vya Kongo juu ya upofu wa mtoni. Tafadhali, usisage vidonge na kupaka, na usimeze vile vya upofu wa mtoni juu ya uso. Kidonge hakikutengenezwa kwa ngozi ya uso, na mu sehemu zenye minyoo ya Loa loa ivermectine ya kumeza inaweza kuleta hatari kubwa ya ubongo. Ile ya wanyama usiiguse kabisa.

Si kila uso unaowaka ni rozasea

Mbele ya kujipa jina la ugonjwa, angalia haya. Doa lisilosikia, hata ukilichoma na mwiba, linaweza kuwa ukoma. Dawa yake inatolewa bure tangu mwaka wa 1995, na ikianza mapema haiachi kilema. Duara lenye ukingo wa vipele linaweza kuwa ukungu wa ngozi, na kortikoide inauficha huku unaenea. Mashavu yenye doa kama kipepeo, pamoja na maumivu ya viungo na uchovu, yanaweza kuwa lupus. Ngozi inayokuwa nyeusi na kubanduka ku shingo, mikono na pale jua linapopiga, pamoja na kuhara, kwa mtu anayekula bukari ya mahindi karibu peke yake, inaweza kuwa pelagra: mwili unakosa vitamini B3, na hapo hakuna pomadi itakayosaidia.

Madaktari wa ngozi wanapatikana zaidi mu miji mikubwa kama Lubumbashi na Kinshasa, na safari ya huko si ya kila mtu. Lakini kituo cha afya cha karibu kinaweza kuangalia doa lisilosikia, ukungu na macho, na kukutuma hospitali kuu. Ukienda, beba kila tubi na kila kopo ulilotumia, hata lisilo na karatasi. Mara mingi jibu liko mu kile kimfuko.

Na wewe unayeuza pomadi ku soko, uko na kazi pia. Mteja akirudi mara ya tatu kununua tubi ileile ya uso, usimpe ya nne. Mwambie aende kumuona munganga. Utapoteza faida ya tubi moja, lakini yule mama atabaki na uso wake.